Shingo ya Kubeba Sinia

Mkono wangu unajulikana. Shuka Kawangware, kituo cha matatu za 46, uliza ni nani anayesuka matuta yanayodumu, na utaonyeshwa mlango wangu na watu mia, hao wakiwa wa upande mmoja tu wa barabara. Nimewahi kumsuka msichana shule ikifunguliwa, ikafungwa, ikafunguliwa tena, na mstari wa katikati ukawa bado umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma, hakuna aliyesumbuka kutafuta sababu. Kila mtu aliniangalia vidole.

"Umemkaza," mume wangu alisema, chapati mkononi.

"Nimemkaza mimi?"

"Ama kuna msusi mwingine anaingia kwa hii nyumba kwa dirisha?"

Jirani wa mlango wa pili, ambaye husikia mazungumzo yetu kupitia mabati vizuri kuliko tunavyosikizana sisi wenyewe, aliitikia kutoka kwake. "Hata mimi ulinisuka nikakaa wiki nzima nimekodoa macho. Lakini nilipendeza, siwezi danganya."

Basi nikaanza kujitetea katika nyumba yangu mwenyewe. Mimi nilizaliwa Kawangware, nikaolewa na Mnubi wa Kambi Muru kule Kibera, tukapanga hapa Kabiro, Kawangware hiihii, ili niwe karibu na saluni yangu. Shule niliimaliza nikiwa tayari mama wa watoto, kwenye masomo ya jioni, darasa la watu wazima waliosinzia kwa zamu ili angalau mmoja wetu awe anamsikia mwalimu. Nilifaulu. Sisemi nilikuwa wa kwanza Kenya nzima, ila mpaka leo sijakutana na mtu aliyenishinda bayolojia. Mchoro wa uti wa mgongo ningeweza kuuchora nimefumba macho, nikiwa nimebeba mtoto na sufuria iko motoni. Halafu naambiwa eti ninamuumiza mtoto wangu kichwa, tena na mtu ambaye hajui kichwa kimeunganishwa wapi na shingo.

Maumivu yenyewe yalikuja wakati mbaya. Baba mdogo wa binti yangu, kitinda mimba wa kwao mume wangu, alikuwa anaoa. Katika familia yao, siku ya kumpelekea bi harusi vitu vyake, wanawake hupanga msafara kwa miguu. Hujifunga gurbaba, zile nguo za Kinubi zenye rangi za kuamsha wagonjwa, na mbele yao hutangulia msichana mmoja wa ukoo ambaye hajaolewa, sinia kichwani. Ndani ya sinia kuna hina, manukato na vitambaa. Juu yake kuna tabaga, kile kifuniko cha duara kinachosukwa kwa mkono kwa rangi zote alizoumba Mungu na nyingine ambazo Wanubi waliongeza. Mikono haishiki sinia. Mikono iko chini imetulia, na shingo ndiyo inayofanya kazi.

Mama mkwe wangu alilibeba wakati wake. Mawifi zangu wote walilibeba. Sasa zamu ilikuwa ya binti yangu, mwenye miaka kumi na tano, na alilitaka sinia lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Binamu zake wa Kibera walikuwa wakimwita "Kawangware", kama mtu aliyeshushwa kwa bahati mbaya kwenye ukoo. Msichana akishatangulia mbele ya msafara wa Kambi Muru, nani tena atamwita mgeni?

Nikamlegeza nywele. Nikamsuka matuta manne makubwa, malegevu kiasi kwamba upepo wa mlango ungeyafumua. Kichwa kikaendelea kuuma. Nikamfumua kabisa, akaenda kwa nyanya yake, mama mkwe wangu, na nywele zimesimama kama mtu aliyepigwa na stima. Kichwa kikauma vilevile. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kidogo, kwa sababu ya jina langu, halafu nikaanza kuogopa.

Jumamosi hiyo tulikuwa tumeitwa Kambi Muru kwa mazoezi. Mama mkwe wangu ana ua mdogo uliozungukwa na vyumba vya wapangaji, kamba za nguo zimepita juu, na yeye mwenyewe huketi katikati kwenye mkeka, tabaga isiyokwisha mapajani na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Anafuata mchezo fulani wa kuigiza ambao watu wake wamekuwa wakilia tangu mwaka juzi.

"Salaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam, bi harusi." Nimezaa watoto, magoti yameanza kupiga kelele, na bado ananiita bi harusi. "Piteni, lakini usinipite mbele. Huyu mwanamume yuko karibu kusema ukweli."

"Sasa, nyanya," binti yangu akasema.

"Sasa ni ya makanga wa matatu. Nisalimie kama mtu." Alisema hivyo akiwa ameshamvuta na kumkumbatia, jicho moja likiwa bado kwa yule mwanamume.

Mwanamume hakusema ukweli, kipindi kikaisha, na mama mkwe akatoa sinia. Sinia tupu halimfundishi mtu, alisema, kwa hiyo akaweka juu yake bakuli la uji wa moto. Akamsokotea ngata, kile kitambaa cha mviringo kinachokaa kati ya kichwa na mzigo, akampachika, akarudi nyuma. "Nenda mpaka kwa kamba ya nguo, urudi. Ukimwaga, unapika mwingine."

Hakufika kwa kamba ya nguo. Hatua zake zilikuwa nzuri, mabega yametulia, lakini kidevu kilikuwa kinashuka chenyewe, taratibu, kama mlango wenye bawaba mbovu. Bakuli likateleza mbele na uji ukamwagikia paka. Paka yule mpaka leo akimwona binti yangu anapanda mabati, na akiwa huko juu anahesabu sufuria zote za wapangaji wa plot kabla ya kushuka.

"Mbona unaangalia chini?" nyanya yake akauliza. "Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Kichwa ndio inaenda."

"Inaenda wapi bila wewe?"

Mtoto akaketi kwenye ngazi ya mlango, viganja vimebana paji la uso. Binamu yake mmoja aliyekuwa hapo uani akainuka bila kuombwa. Huyo ni msichana mwenye shingo ambayo ungeweza kuanika shuka juu yake, tena la kitanda kikubwa. Alipika uji mwingine, akaujaza bakulini, akajitwika sinia, akatembea mpaka kwa kamba, akageuka, akarudi, na akakunywa uji wenyewe mbele yetu.

"Pole, Kawangware," akasema, akipangusa mdomo. "Si lazima kila mtu abebe."

"Nawe si lazima uongee," nyanya yao akamjibu. Halafu akanigeukia. "Mimi sijaamua kitu, bi harusi. Muda bado uko. Lakini sinia haliendi kwa mtu ambaye kichwa kinamuuma. Tutalidondosha katikati ya Makina, kwa kina bi harusi, wakwe watutazame."

Tulirudi Kabiro kimya, mimi na yeye, na mimi nikinyamaza ujue kuna jambo.

Jumatatu nikampeleka zahanati. Walimpima malaria, hakuna. Walimpima damu, iko. Macho waliyapima kwa ule ubao wa herufi, akasoma mstari wa juu mpaka wa chini, na kama wangemwacha angesoma hata vumbi la ukutani. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi, akauliza analala saa ngapi.

"Mapema," nikasema. "Kama kuku."

Daktari hakuandika. Alikuwa anamwangalia binti yangu, na binti yangu alikuwa anaangalia sakafu.

"Shingo yake imekaza sana," daktari akasema. "Na huyu hajalala vizuri siku nyingi. Mkifika nyumbani, zungumzeni."

Sikuzungumza. Kazi yangu imenifundisha kwamba msichana ukimwambia keti tuzungumze, anafunga mdomo kama mlango wa benki. Lakini mkalishe kwenye kigoda, mgongo kwako, kichwa kati ya magoti yako, chanuo mkononi, na atakuambia mambo ambayo hajamwambia hata rafiki yake. Nimesikia siri za Kawangware nzima nikiwa ninaangalia visogo. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata mchana, saluni ikiwa imetulia na stima imepotea, nilimwambia aje nimsuke.

Akaja na simu. Ilikuwa ya zamani ya baba yake, kioo kimepasuka kona hadi kona, amepewa afanyie kazi za shule. Nikaanza mstari wa katikati. Kichwa kikainama. Nikakiinua kwa vidole. Kikainama. Hilo si jambo geni, wasichana wote wa siku hizi huketi hivyo, na nusu ya jasho langu linatokana na kuinua vichwa. Wengine nimewasuka mistari iliyopinda kama barabara ya Limuru kwa sababu ya video moja tu. Lakini siku hiyo nilishusha kidole gumba nyuma ya shingo yake, pale chini ya mwanzo wa nywele, nikabonyeza. Palikuwa pagumu kama ukuni.

"Aaah, Mum. Hapo ndio inatokea."

"Nini inatokea?"

"Ile ya kichwa. Inaanzia hapo inapanda."

Mchoro wangu wa bayolojia ukanijia mzima, na rangi zake. "Hebu nione unaangalia nini."

Alisita, halafu akainua simu juu ya bega. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mvulana. Nilichoona ni msichana fulani wa nchi ya mbali anatembea sebuleni kwao na kitabu kichwani, akieleza namna ya kuinua kidevu, kulegeza mabega na kurefusha shingo. Nikateremsha kwa kidole. Mwingine, na mto kichwani. Mwingine, na glasi ya maji. Mwingine anasema kuna mazoezi ya shingo ya bi harusi. Zilikuwa nyingi mpaka nilifikiri dunia nzima inaolewa mwezi huu.

"Hizi unaziangalia saa ngapi?"

"Usiku."

"Usiku upi? Si huwa mnalala?"

"Chini ya blanketi. Mkishazima taa."

"Na unakaa vipi huko chini? Nionyeshe."

Akajikunja kwenye benchi la wateja, magoti tumboni, kidevu kimezama kifuani, simu karibu na pua, shingo imepinda kama mpini wa mwavuli. Alikuwa akijifunza kunyoosha shingo akiwa ameipinda hivyo, kila usiku, mpaka chaji iishe.

Nilicheka. Nilicheka mpaka chanuo likaanguka, mpaka mama wa mboga ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini, mpaka nikashika ukuta. Nilipofuta macho nikaona yeye hacheki. Alikuwa amenigeukia, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesimama.

"Mum, si ya kucheka. Wewe hujui."

"Sijui nini?"

"Siku hiyo kila mtu atakuwa na simu. Kila mtu. Nikidondosha hiyo kitu, ama nikitembea vibaya, hata kabla nifike kwa kina bi harusi niko kwa status ya kila mtu. Shule nzima itaona. Nikienda darasani Jumatatu wataniita Uji." Akapangusa pua na mkono. "So lazima nijue kwanza vile inakaa. Ndio naangalia. Naangalia hao, halafu naangalia zangu, nimejirekodi. Zangu ziko mbaya. Niko na shingo fupi. Halafu siwezi lala."

Nikaacha kucheka. Nikamrudisha kigodani na kuendelea kusuka, polepole, kwa sababu mikono yangu hufikiri vizuri ikiwa kazini.

Ushauri haukukosekana. Jirani wa mabati alisema simu ivunjwe kwa jiwe. Mume wangu, ambaye ndiye aliyeitoa, alisema nilimpa mimi. Nilimpigia mama mkwe, naye akasema nimnyang'anye leo hii, na nyuma ya sauti yake nikamsikia yule mwanamume wa mchezo bado anakaribia kusema ukweli. Lakini mimi niliona hivi. Nikimnyang'anya, atabaki na hofu ileile bila hata kitabu kichwani. Na kazi za shule zilikuwa humo. Tena ningekuwa nani wa kumhukumu? Mimi mwenyewe kuna video za watu wanaoosha mazulia machafu ambazo nikizianza, ugali unaungua nikiwa nimesimama kando yake.

Nikaanza na kile ninachokijua, yaani kuketi. Nilichukua hanga ya nguo, ile ya waya, nikaipinda ikawa kama mdomo wa bata, nikaifunga kwa kamba kwenye mbao ya paa ya saluni, ikaning'inia mbele ya kigoda mahali macho yanapotazama mtu akiketi wima. Nikabana simu humo. Ukitaka kuangalia, angalia, lakini shingo juu. Kamba iliweza kupandishwa na kushushwa kufuata urefu wa mtu.

Binti yangu alisema ni aibu, inakaa kama kwa bucha. Jumatano mteja mmoja akaomba ajaribu. Ijumaa walikuwa wanapanga foleni kwa ajili ya hanga, kusukwa kukawa ni kisingizio. Mistari yangu ikanyooka mpaka ikaanza kuniogopesha. Kufikia wiki iliyofuata watu walikuwa wanatoka Uthiru, Dagoretti, na nasikia kuna mmoja alitoka Mombasa, ingawa huyo huenda alikuwa na safari zake. Kigodani wasichana wakawa wanaulizana, "Nawe shingo inakuuma? Hata wewe? Usiku pia?" na ikawa karibu wote, kila mmoja akidhani ni yake pekee. Binti yangu alisikiliza hayo akifagia nywele. Niliona mabega yake yakishuka kutoka masikioni.

Kwa upande wa usingizi niliamua kwamba simu nazo zilale. Tuna sufuria kubwa ya sherehe inayokaa juu ya kabati. Sheria ikawa baada ya chakula cha jioni kila simu ya nyumba inaingia humo, kifuniko juu, mpaka asubuhi. Kila simu, binti yangu akasisitiza, akininyooshea mkono. Nikatoa yangu kama mtu anayetoa jino. Mume wangu alisema yake ni ya kazi.

"Kazi gani usiku, Baba? Wewe ni fundi wa milango," binti yangu akasema.

"Mlango unaweza kuharibika wakati wowote."

Ikaingia. Asubuhi ya kwanza kengele ya simu yake ililia ndani ya ile sufuria na plot nzima ikaamka, watoto wakavaa sare, mtu mmoja wa chumba cha mwisho akaanza kusali. Jirani wa mabati alitaka kujua kama tumefungua kanisa. Tuliendelea hivyohivyo, na baada ya siku chache nilianza kumsikia binti yangu akikoroma kidogo, kama paka aliyeshiba. Sijawahi kufurahia kelele namna ile.

Maumivu hayakuondoka kwa kishindo. Yalipungua. Kulikuwa na siku ambazo yalirudi, hasa akiwa na mtihani, na kuna usiku nilimkuta amesimama karibu na kabati, mkono umefika kwenye kifuniko. "Naangalia tu kama ziko sawa," akasema. Nikamwambia ziko sawa, zimelala. Akarudi kitandani.

Mazoezi akayafanyia ua wetu wa Kabiro, beseni la kufulia nguo lenye maji kichwani, kutoka kwenye mfereji mpaka mlangoni. Wapangaji wakawa watazamaji. "Kawangware imetoa mwanamitindo," mmoja alisema. "Beseni letu likivunjika utalilipa wewe," mwingine akaongeza. Alimwaga maji mara ambazo siwezi kuzihesabu, ua ukawa bwawa, nusura tuanze kufuga bata. Lakini sasa alikuwa anacheka akimwaga. Na hakujirekodi. Nilimuuliza mbona, akasema akijirekodi anatembelea kamera badala ya kutembelea miguu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya harusi tukarudi Kambi Muru. Mama mkwe akaweka uji, akampachika sinia, na jambo la ajabu likatokea: alizima simu yake. Binti yangu akaenda mpaka kwa kamba ya nguo, akageuka, paka akiwa ameshapanda juu ya paa kwa usalama wake, akarudi. Uji ulitikisika kidogo ukingoni, haukumwagika.

"Kichwa?" nyanya yake akauliza.

"Iko sawa, nyanya."

"Usiniambie iko sawa kwa sababu unataka sinia."

"Jana iliniuma kidogo. Leo haiumi."

Mama mkwe akamtazama kwa muda mrefu, halafu akaliondoa sinia kichwani pake kwa mikono miwili. "Aliyesema jana ilimuuma ndiye atakayebeba," akasema, na binamu mwenye shingo ya kuanikia akashusha pumzi, akasema haya basi, mimi nitampaka hina.

Siku yenyewe ilikuwa na jua. Tulitoka Kambi Muru kuelekea Makina, wanawake wa kwao wote wamejifunga gurbaba, mimi pia nikiwa nimejifunga yangu ambayo ilitaka kufunguka kila nilipocheka. Binti yangu akatangulia. Nilikuwa nimemsuka mwenyewe, mistari myembamba inayorudi nyuma, wala sikukaza. Simu yangu niliisahau Kabiro, ndani ya sufuria, na nilipokumbuka tulikuwa tumeshaanza kutembea.

Watu walikuwa wengi hadi njia ikawa nyembamba. Na kweli, kama alivyosema, kila mtu alikuwa na simu. Mashangazi walikuwa wanarekodi, watoto walikuwa wanarekodi, mwenye duka la mkaa alirekodi kwa mkono mweusi. Mama mkwe wangu alitembea kinyumenyume mbele ya mjukuu wake, simu ameinyoosha mbali na uso, akimwamuru, "Taratibu, taratibu," mpaka mume wangu akamshika kiuno asiingie mtaroni. Nikiwa nyuma nikaona kitu ambacho nadhani wengine hawakukiona. Katika ule umati wote, vichwa vyote vilikuwa vimeinamia vioo. Kimoja tu kilikuwa kimenyooka.

Kuna mahali njia inavuka mtaro kwa mbao moja. Hapo akasimama. Msafara wote ukasimama nyuma yake, nyimbo zikapungua, na moyo wangu ulipiga kwa nguvu kiasi kwamba nina hakika walisikia Kawangware. Alivuta pumzi, nikaona mgongo wake ukipanda na kushuka. Hakuangalia chini. Akapapasa mbao kwa kidole cha mguu, akaikuta, akavuka. Vigelegele vilivyofuata vingeweza kuezua mabati.

Jioni tulipokuwa tumerudi Kabiro, miguu imevimba, alitoa simu yake akaanza kuangalia video zilizotumwa. Nilijiandaa. Kulikuwa na ya mama mkwe, iliyoonyesha kidole gumba cha mama mkwe mwanzo hadi mwisho. Kulikuwa na nyingine nzuri, safi, za binamu zake, zenye maneno matamu chini, na hata mmoja aliandika "msichana wetu". Alizitazama, akatabasamu, akazirudia. Halafu nikaona vidole vyake vinakuza picha, vinakuza shingo, vinakuza uso.

Kisha akaacha. Akaketi kwenye kigoda mbele yangu, mgongo kwangu, akaegemeza kichwa kwenye goti.

"Mum. Wewe ulikuwa unaniona na macho."

"Nilikuwa ninakuona."

"Nilikuwa aje? Lakini niambie bila kuongeza chumvi. Promise."

Ni ombi gumu kumpa mtu kama mimi. Nilikuwa nimeshaandaa twiga, malkia, na malaika wawili wakishika kingo za sinia. Nikayaweka kando yote.

"Mwanzoni ulikuwa na wasiwasi, bega la kushoto lilikuwa limepanda," nikasema. "Tulipofika kwa wauza mkaa likashuka. Pale kwa mbao ulisimama, ukavuta pumzi, ukavuka. Sinia halikutikisika. Ulipolikabidhi ulitabasamu na meno yote. Basi."

"Basi?"

"Basi. Kichwa kinauma?"

Akafikiria, kwa sababu sasa ana mazoea ya kufikiria kabla ya kujibu swali hilo. "Hapana. Miguu tu." Akanipitishia simu juu ya bega bila kugeuka. "Weka kwa sufuria, niko na usingizi."

Nikaiweka. Chumvi niliwawekea wateja, Jumatatu, na kufikia saa sita mchana ule mtaro wa Makina ulikuwa umeshakuwa mto wenye mamba.